Upinde wa kompaundi: hatimaye tundu limenigeukia

Limekubali! Jumamosi nimevuta upinde hadi mwisho, upote (kamba ya upinde) ukagusa ncha ya pua, na tundu la kulengea, kile kipete cha plastiki kilichobanwa kwenye upote ili nichungulie shabaha, likageuka lenyewe likanikabili wima, duara kamili. Nikarudisha taratibu bila kufyatua, nikavuta tena. Vilevile. Mshale wenyewe uliingia rangi ya bluu ya shabaha, mbali na katikati, na sikujali hata kidogo.

Wanaofuata kumbukumbu hizi wanajua upinde ni uleule wa mtumba, wa kompaundi, yaani wenye magurudumu (kemu) kwenye ncha zake, na uzito wake wa kuvuta nimeupunguza hadi pauni 45 ingawa unafika 60. Nimeupima kwa mizani ya kuning'iniza, ileile ninayopimia masanduku ya kwenda Dar. Pauni 45 ni kama kilo 20. Mishale ni ya kaboni, kila mmoja una uzito wa grein 350 (grein ni kipimo kidogo cha uzito). Kwa pauni zangu uzito wa chini wa mshale ni grein 225, nikifuata kanuni ya grein tano kwa kila pauni, kwa hiyo hapo nimejiwekea akiba ya kutosha. Kabla ya kila zamu naupinda mshale kidogo, nausokota, nasikiliza kama unalia. Ukilia unaenda kwenye pipa. Kaboni ikipasuka wakati wa kufyatua, vijiti vyake huingia kwenye mkono wa mbele, na picha za ajali hizo nilizoonyeshwa uwanjani zimenitosha.

Sasa tundu. Duka lilinifungia upote mpya wa nyuzi 24, nusu nyeusi, nusu nyekundu, na tundu limebanwa katikati ya hizo nusu mbili. Upinde ukiwa umepumzika lilinitazama vizuri. Nikivuta, linageuka ubavu, nabaki naangalia ukingo wa plastiki. Upote mpya una tabia ya kutulia polepole, kwa hiyo mwanzoni sikulalamika. Niliupa muda, nikaupaka nta, nikaendelea kufyatua. Haukutulia. Leo linaangalia kushoto, kesho kulia, keshokutwa linanikubali kwa mishale michache halafu linanikimbia.

Kwa mtu anayeanza, hili si usumbufu tu wa macho. Tundu likikukwepa unaanza kulifuata. Unapinda shingo, unasogeza shavu, unazungusha kifundo cha mkono wa nyuma ili kuulazimisha upote ugeuke, na wakati huohuo umeshikilia upinde uliovutwa na kidole kiko jirani na kifyatulio, kile kifaa kinachoshika upote na kuuachia. Kompaundi inakudanganya hapo. Wangu unapunguza asilimia 80 ya uzito wa kuvuta ukifika mwisho, kwa hiyo mkononi nahisi pauni tisa tu, na naweza kusahau kwamba 45 zinanisubiri. Ukilegea kidogo, kemu zinapinduka na mkono unanyakuliwa kwenda mbele.

Halafu kuna suala la majaribio. Kila badiliko, hata robo ya mzunguko, haliwezi kupimwa mpaka uvute hadi mwisho. Mdogo wangu aliniuliza kwa simu: "Kaka, si uvute hapohapo sebuleni uangalie, kuna shida gani?" Shida ni kwamba kidole kikiteleza upinde ukiwa mtupu, nguvu ambayo ingeondoka na mshale inarudi yote kwenye mikono ya upinde na kemu. Upote unaruka nje, mikono inapasuka, na uso wako uko sentimita chache tu kutoka hapo. Na nikiweka mshale? Basi nina mshale sebuleni. Kwa hiyo sheria yangu haina mlango wa nyuma: sivuti bila mshale, na sivuti bila shabaha mbele yangu na kizuizi nyuma yake. Maana yake kila robo ya mzunguko ilidai safari. Kuendesha gari, kusubiri amri ya kufyatua, kuvuta, kutazama, kulaani kimoyomoyo, kurudi nyumbani.

Nilianza na kitanzi ambacho kifyatulio hushika, nikakizungusha kidogo kwenye upote. Tundu lilifuata, halafu kitanzi kikateleza kikarudi kilikotoka. Baadaye fundi akauweka upinde kwenye presi, mashine inayokunja mikono ya upinde ili upote ulegee, akaongeza nusu msokoto upande wa chini. Tundu likanyooka siku hiyo! Lakini upote uliosokotwa zaidi hufupika, na kemu ya juu ikaanza kugonga kizuio chake kabla ya ya chini. Tukautoa. Jamaa mmoja akanishauri niweke tundu la mpira, lile linalovutwa na mrija liangalie mbele kwa nguvu. Mrija huo hukatika, na ukikatika unakuchapa usoni. Sitaki.

Jibu lilikuwa kwenye kuhesabu. Nilikaa chini ya taa na sindano butu, nikatenganisha nyuzi mojamoja pale tundu lilipo. Kushoto 13, kulia 11. Uzi mmoja mweusi ulikuwa umevuka kwenda kwa wekundu, umejificha chini ya uzi wa kufungia. Upande mmoja unavutwa zaidi ya mwingine, tundu litatuliaje? Tukarudi kwenye presi, uzi ukarudishwa kwa wenzake, 12 kwa 12, tundu likafungwa upya juu na chini kwa mafundo ya kubana. Mafundo hayo msiyaache: tundu lisilofungwa linaweza kuchomoka wakati wa kufyatua.

Nikiwa hapo kwenye presi: zile za kujitengenezea kwa mbao na jeki ya gari, mimi hapana. Pinde za sasa zina mikono iliyolala karibu sambamba, zinataka presi inayoshika ncha za mikono, na mkono ukichomoka hakuna anayejua utaelekea wapi. Namlipa fundi. Kuhusu kifyatulio nabaki na cha kamba ya kifundoni chenye kiwashio cha kidole cha shahada. Vile vinavyofyatuka kwa kuzungushwa vinasifiwa sana, lakini kwa anayeanza vinaweza kuachia katikati ya kuvuta na ngumi ikakupata mdomoni.

Rafiki zangu wananiita Mhadzabe wa Missouri. Nawajibu kwamba Mhadzabe wa Eyasi ana upote wa mishipa ya mnyama na hahitaji tundu lolote, kwa hiyo wanamtukana. Kwa upande wa kompaundi angalau niko nyumbani kwa aliyeibuni: Holless Wilbur Allen, aliyepata hataza yake mwaka 1969, alikuwa mtu wa Billings, karibu kabisa na hapa Springfield. Alikata ncha za upinde wake akafunga puli. Tunalipia tamaa yake ya mwendokasi kwa kuhesabu nyuzi usiku.

Mpango ulikuwa wiki hii nifyatue kupitia karatasi nione mshale unachanaje, halafu nirudi mita 18. Sijafanya. Baada ya kuuchungulia upote ule kwa karibu nimeanza kutaka kujisokotea wangu. Ni nyuzi tu, nta na hesabu nzuri. Nimeshakata boriti ya msonobari na kuchimba matundu ya vigingi vinne. Kilichonikwamisha ni kukaza: upote hukazwa kwa mamia ya pauni kabla ya kufungwa, na boriti yangu imeanza kupinda hata kabla sijafika nusu. Kesho naenda kutafuta chuma cha pembe.