Maiki ya pedi ya pili imekubali: wiki tatu na Takeshi no Chōsenjō

Juzi saa nne na robo usiku niliimba mbele ya TV ya chogo na gemu ikanisikia. Wiki tatu nzima nilikuwa nahangaikia hilo tu. Naandika leo leo kabla sijasahau nilikata wapi na nikaunga wapi, maana daftari langu la penseli limeshaanza kufutika.

Kwa wanaofuatilia mradi: mwezi huu nilipanga kupitia gemu tatu za Famicom, mashine ya gemu ya Nintendo ya Japani, ambazo sikuwahi kuziona hata mara moja kwenye kaseti zetu za "9999999 katika 1". Mbili nimeziweka kando. Iliyonishika ni Takeshi no Chōsenjō, ambayo kampuni ya Taito iliitoa Desemba 1986. Kaseti ni ya asili kabisa, ameniletea shemeji anayeagiza magari ya mtumba kutoka Japani. Aliikuta kwenye duka la vitu vilivyotumika, akaitia mkobani. Nikamwambia, "Shemeji, hujui umenibebea nini." Hadi leo sijafanikiwa kumweleza.

Takeshi wa kwenye jina ni Takeshi Kitano, mchekeshaji wa Japani ambaye baadaye aligeuka mwongozaji wa filamu na kutwaa Simba wa Dhahabu kule Venice mwaka 1997. Gemu ni mawazo yake. Wewe ni mfanyakazi wa ofisini. Unaweza kuacha kazi, kumpa mke talaka, kwenda baa, kulewa, kupigana na wahuni, kujifunza kuruka kwa tiara la kubeba mtu, kisha ukasafiri kutafuta hazina kisiwani. Huelekezwi popote. Kosa dogo ulilofanya saa mbili nyuma ndilo linalokuja kukufungia njia, na gemu wala haikuambii kwamba umeshafungiwa. Wajapani wengi huitaja miongoni mwa gemu mbovu kuliko zote za mashine ile. Mimi siafiki. Mwaka 1986, gemu nyingi zikiwa bado ni za kukimbia kwenda kulia na kuruka mashimo, hii inakuachia uamue kuacha kazi. Mtu aliyeibuni alikuwa na jambo la kusema, na analisema kwa kukusubirisha. Usipopenda kusubiri utaichukia. Mimi nimeipenda.

Sasa tuje kwenye maiki.

Mnajua pedi ya pili ya Famicom ya 1983 haina Start wala Select, na mahali pake pana maiki ndogo. Kwenye gemu hii unaingia baa, unaomba karaoke, halafu unaiimbia pedi. Mashine yangu ni ya kuiga, ya miaka ya tisini, tena ya kizazi kizuri: ndani ina CPU (ubongo wa mashine) ya UMC, UA6527P, na PPU (chipu ya kuchora picha) ya UA6538, na pembeni aisii, yaani chipu, mbili za 368 zinazopitisha ishara za pedi. Ukifungua yako ukakuta tone jeusi la gundi badala ya aisii, mradi huu usiuanze, hakuna pa kushika. Pedi zangu hazina maiki, na hazijawahi kuwa nayo. Wapo watakaosema tumia emuleta, programu inayoiga mashine, kwenye simu, ubonyeze kitufe kimoja maiki ihesabiwe. Emuleta naitumia kila wiki kuonja gemu kabla ya kutafuta kaseti, na naiheshimu. Ila gemu inayotaka uimbe, mimi naona lazima uimbe.

Nikatoa maiki kwenye redio kaseti mbovu. Sauti yake nikaikuza kwa LM358, chipu ya kukuza ishara, nikaipeleka kwenye LM393, chipu ya kulinganisha volti, ili itoke kama ndiyo au hapana, kwa sababu gemu haipokei sauti yako kama sauti, inapokea biti moja tu. Usisahau rezista ya kilo-om 10 kwenda chanya pale LM393 inapotolea, bila hiyo hutapata kitu. Nikaweka na taa ya LED ya kujaribia. Napiga makofi, taa inawaka. Nikasema kazi imekwisha, nikalehemu waya kwenye aisii ya 368, nikafunika boksi, nikaingia baa, nikaimba.

Kimya.

Wiki ya kwanza yote iliishia hapo. Nimebadilisha LM393 mara mbili. Nimebadilisha maiki. Nimelehemu upya kila kiungo mpaka njia moja ya shaba ikabanduka kwenye ubao, ikabidi niirukie kwa waya mwembamba wa kengele. Taa inawaka kila nikitoa sauti, na gemu haisikii chochote. Usiku mmoja nilikaa sakafuni na mita, nikifuata waya mmoja mmoja kutoka CPU, na ndipo nilipoliona.

Maiki iko kwenye pedi ya PILI, kwa hiyo mtu yeyote mwenye akili timamu ataifikiria kwenye mlango wa pili, yaani anwani $4017. Mimi nikaipeleka huko, biti D2 (ya tatu kati ya nane). Lakini Nintendo waliisomea kwenye $4016, ule mlango wa pedi ya KWANZA, biti ile ile ya D2. Mguu sahihi, nyumba ya jirani. Gemu haikuwa inaitafuta maiki pale nilipokuwa naimbia.

Atakayerudia asipoteze siku zangu, afanye hivi. Weka mita kwenye mlio, ule unaolia sehemu mbili zikiwa zimeungana. Mguu wa 26 wa CPU ndio D2. Utalia kwenye aisii zote mbili za 368, na hapo ndipo mtego ulipo. Chagua ile ambayo mguu wake wa kufungulia (unaoiruhusu kupitisha ishara) umeungwa na mguu wa 36 wa CPU. Ukiona 35, hiyo ni ya $4017, iache. Kwangu D2 ilitokea mguu wa 5 wa ile 368, kwa hiyo mlango wake wa kuingilia ni mguu wa 4. Huo mguu wa 4 waliotengeneza waliufunga kwenye hasi kwa njia nyembamba inayopita chini ya tumbo la aisii. Ikate kwa wembe mpya, hakikisha kwa mita kwamba imekatika kweli, ndipo ulehemu waya wako. Hiyo 368 hugeuza alama, ndiyo ikawa hapana, lakini usijali, gemu inaangalia mabadiliko tu.

Kuhusu vifaa, kwa kuwa nimeulizwa. Mita ya dijitali yenye mlio ni bora mara kumi kwa kazi hii kuliko ya mshale. Mshale nauenzi kwa kuangalia volti zinazoyumba, ila kufuata njia za ubao macho yakiwa kwenye mita ni kujitesa. Pasi ya kulehemia ya wati 60 niliyonunua Kariakoo ndiyo iliyobandua ile shaba. Nimeazima ya wati 30 yenye ncha nyembamba kwa fundi redio wa mtaani kwetu, mzee aliyefanya kazi hii tangu zama za redio za mbao. Alinipa na kipande cha rosini, akasema, "Mwanangu, risasi haibembelezwi, inasafishiwa njia." Nimelehemu miguu kumi na miwili baada ya hapo bila kuharibu hata mmoja.

Nikaunga. Nikawasha. Sasa gemu inasikia, tena inasikia hata nikinyamaza. Naingia baa, kabla sijafungua mdomo inachukulia kwamba naimba, na inachukulia naimba vibaya. Hapa ndipo nilipokaribia kukata tamaa kuliko mwanzo, maana kimya unaweza kukitafutia sababu, kelele zinatoka kila upande. Nimebadilisha adapta. Nimeweka kapasita ya mikrofaradi 1000 kwenye njia ya umeme. Nimefunika waya wa maiki kwa foili ya jikoni. Nimeisogeza mashine mita mbili kutoka kwenye TV. Kila hatua ilipunguza kidogo, na taa iliendelea kuwaka kwa unyonge, kama kibatari kinachoishiwa mafuta.

Chanzo kilikuwa waya wa hasi. Niliulehemu kwenye kopo la modyuleta, kifaa kinachorusha picha na sauti kwenda TV kama stesheni, kwa sababu ni pana na linashika risasi vizuri. Lakini umeme wa mashine yote unarudi kupitia eneo lile, na kila PPU inapochora mstari, hasi yenyewe inatikisika. Maiki yangu ilikuwa inasikiliza picha. Nikauhamishia mguu wa 8 wa ile ile 368 ninayoilisha, nikaongeza rezista ya mega-om 1 kutoka kwenye toleo la LM393 kurudi kwenye ingizo lake la chanya ili isibadilike badilike kwa sauti ndogo. Taa ikazima. Nikanyamaza dakika nzima naitazama. Imezima kabisa. Nikasema "Haya," ikawaka, ikazima.

Ndipo nikaimba. Mama akatoka chumbani na khanga begani, akasimama mlangoni.
"Mwanangu, unaiimbia TV?"
"Ndiyo mama, inasikia."
Akakaa. Nilipomaliza, wahuni wa kwenye gemu wakaingia baa, tukapigana, mzee mmoja humo akanipa karatasi ya ramani. Mama akauliza mbona karatasi ni tupu.

Na kweli ni tupu. Hilo ndilo jaribu la pili la Kitano: ramani haionekani mpaka uianike juani, na kuianika maana yake ni kuiacha pedi saa nzima bila kuigusa. Kuna njia fupi zaidi, ya kuilowesha majini. Mimi nilitaka ile ndefu.

Nikaweka saa. Dakika ya 61 nikabonyeza, na karatasi bado nyeupe. Nilifikiri maiki yangu imeharibu kitu mpaka nilipopiga hesabu. Gemu za zama zile huhesabu fremu, yaani picha moja moja za TV. Japani TV inakwenda fremu 60 kwa sekunde, kwa hiyo saa moja ni fremu 216,000. Mashine yangu ni ya mfumo wetu wa fremu 50. Gawanya: sekunde 4,320, yaani dakika 72. Saa moja ya Japani huku kwangu ina dakika 72, na mimi niligusa pedi zikiwa zimebaki 11.

Mara ya pili umeme ulikatika dakika ya 64.

Nilikaa gizani nikiwaza, na wazo likaja pale pale: kwa nini TV iwake? Ramani inaanikwa ndani ya mashine, TV ni ya kutazamia tu. Mashine peke yake inakula kidogo, kwangu nimepima miliampea 400 hivi. Nikachukua betri ya pikipiki ya volti 12 na kuiunga kwenye tundu la adapta, baada ya kuhakikisha kwa mita upande wa chanya, maana mashine hizi kila moja ina mpangilio wake na ukikosea umeichoma. Ndani kuna 7805 inayoshusha mpaka volti 5. Kwa volti 9 inatoa joto la wati 1.6, kwa 12 inapanda hadi 2.8, kwa hiyo nimeifungia kipande cha alumini chenye upana wa vidole vitatu. Ilipata moto lakini kidole kilivumilia.

Nikaimba upya, nikapigana upya, nikaianika karatasi, nikaizima TV na kuondoka chumbani ili nisishawishike. Dakika ya 75 nikarudi na kuiwasha. Kisiwa kimejichora, na alama ipo. Nilimwita mama aje aone.

Nilitakiwa sasa niwe naandika kuhusu tiara, maana tangu usiku ule nimeanguka baharini mara tisa. Halipandi unavyotaka, lazima ulibembeleze lipate upepo wa kulinyanyua. Pia nilipanga kuichanganya sauti ya maiki kwenye spika ya TV kama ilivyo kwenye Famicom ya asili. Hayo yote yamesimama, kwa sababu shemeji amepiga simu kwamba amepata Famicom yenyewe, nyeupe na nyekundu, na itakuja na gari lijalo.

Modyuleta ya Famicom hurusha kwenye chaneli ya 1 au ya 2 ya Japani. Chaneli ya 1 picha yake iko megahezi 91.25 na sauti 95.75. Mnakumbuka kwa nini redio za magari mengi ya Japani zinaishia 90 na tunazifungia kigeuzi ili zishike stesheni zetu? Ni kwa sababu juu ya 90 kwao palikuwa pa TV. TV yangu ya chogo haitaikamata picha hiyo. Lakini sauti ya TV ni FM. Kwa hiyo redio ya kawaida kabisa, ile ya jikoni kwa mama, ukiiweka 95.75 karibu na mashine, inapaswa kuusikia muziki wa gemu.

Nimeshakagua. Hapo 95.75 kwetu hakuna stesheni.