Mshipa ulizibuliwa, kazi ikaanza: uzoefu wangu na mguu wa kushoto

Naandika haya kwa ajili ya mtu aliyetoka hospitali wiki hii baada ya kuzibuliwa mshipa wa mguu, maumivu yamekwisha, na moyoni anajiona amepona. Mimi nilikuwa hivyo hivyo. Wiki ya saba nusura niupoteze mguu, na chanzo kilikuwa vidonge vya maumivu nilivyojinunulia dukani kwa akili yangu mwenyewe.

Naishi Isevya, Tabora mjini. Kwa miaka 32 nilikuwa mteuzi wa tumbaku ya mvuke: robota, yaani mtumba wa majani ya tumbaku, linafunguliwa, nashika jani, nalitazama rangi, limao au chungwa, nataja daraja, robota linasogea. Sigara haikutoka mdomoni miaka yote hiyo. Nilianza nikiwa kijana wa kuchochea moto kwenye mabani, yale majengo ya kukaushia tumbaku, na hakuna aliyeniambia kwamba moshi ule unakwenda hadi kwenye mishipa ya miguu. Nilidhani ukiharibu kitu ni mapafu.

Maumivu yalianza kwenye shavu la mguu wa kushoto. Nikitembea kidogo msuli unakaza kama kamba ya robota, nikisimama dakika mbili tatu unaachia, nikianza tena unakaza. Nikasema ni uzee, nikachua dawa za kuchua. Mwaka uliofuata maumivu yakahamia usiku. Nililala mguu ukining'inia nje ya kitanda, kwa sababu ukiwa chini unapata nafuu. Kisha kandambili ikanichubua kidole kidogo, na mchubuko ule ukakaa miezi miwili bila kufunga. Hapo mke wangu akanikatia shauri: "Baba Zuhura, kesho twende hospitali."

Daktari alinipima presha ya mkono, akanipima na ya kifundo cha mguu kwa kimashine kidogo kinachotoa sauti ya damu. Mkono ulisoma 148, kifundo cha kushoto 62. Aligawanya 62 kwa 148, akapata 0.42. Mguu mzima huwa kwenye 1 au zaidi kidogo, akaniambia, na ukishuka hadi 0.9 tayari kuna ugonjwa. Nikaandikiwa rufaa ya Dar es Salaam. Huko walipitisha waya kwenye kinena, wakajaza puto dogo ndani ya mshipa wa paja, wakaacha stenti, kile kibomba cha wavu wa chuma kinachoshikilia mshipa usijifunge. Nilikuwa macho muda wote. Jioni ile mguu ulikuwa wa moto, kitu nilichokuwa nimekisahau.

Siku ya pili daktari kijana alikaa kitandani kwangu na kunieleza jambo ambalo, ningelishika vizuri, lisingenifika lililonifika.

"Mzee wangu," alisema, "wengi wanadhani tumesafisha bomba. Utando uliokuziba umo ndani ya ukuta wa mshipa. Puto linaupasua na kuukandamiza pembeni, na ile ngozi laini ya ndani inachanika. Tumekutibu kwa kukutia jeraha."

Mwili hauna namna ya kujua kwamba jeraha lile limetiwa na daktari kwa nia njema. Unalipokea kama jeraha lolote. Chembe sahani za damu, zile zinazofanya damu igande ukijikata na kisu, zinakimbilia pale na kunasa kwenye mchaniko na kwenye chuma cha stenti. Seli nyeupe nazo zinajaa, mahali panachachamaa, na ini linamwaga kwenye damu protini iitwayo CRP. Hali hiyo ya kuchachamaa ndiyo madaktari wanaiita inflamesheni. CRP yangu siku ile ilikuwa 38, na maabara yao inahesabu chini ya 5 kuwa kawaida. Ubaya wake ni kwamba inflamesheni na kuganda kwa damu vinasukumana: pakichachamaa, damu inaganda upesi, na damu ikiganda inazidi kuchochea. Hatari ya donge la damu ni kubwa wiki na miezi ya mwanzo, kabla stenti haijafunikwa na ngozi mpya. Baadaye, kwa miezi, kuna hatari nyingine: kovu kuota kupita kiasi na kuufinya mshipa upya.

Nikapewa aspirini ya miligramu 75, klopidogreli 75, na atovastatini 40 ya usiku. Nikaambiwa hizo mbili za kwanza ni za kuzuia chembe sahani zisishikane, na klopidogreli nisiiache kabla ya miezi sita bila kumuuliza daktari.

Sasa kosa langu. Wiki ya nne, nikiwa nimerudi Tabora, goti na kinena vikawa vinauma. Kichwani nilikuwa nimebeba neno moja tu la yule daktari, inflamesheni. Nikawaza: kama adui ni kuchachamaa, basi dawa ya kutuliza uvimbe ndiyo yangu. Nikaenda dukani nikanunua diklofenaki, nikawa nameza asubuhi na jioni, na nikajiona mtu makini. Atovastatini nikaiacha, kwa kuwa niliiita dawa ya mafuta, nami sili mafuta mengi.

Nilikuwa nimeligeuza jambo juu chini. Diklofenaki inatuliza goti, lakini dawa za jamii yake zinaongeza hatari ya damu kuganda kwenye mishipa, na zikichanganywa na aspirini na klopidogreli zinachoma tumbo hadi kuweza kulitoboa au kulitoa damu. Aibuprofeni nayo inaweza kuizuia aspirini isifanye kazi yake. Ile niliyoidharau, atovastatini, mbali na kushusha mafuta ndiyo inayoituliza inflamesheni ya ukuta wa mshipa. Nilimeza iliyokuwa inaniumiza, nikaweka kabatini iliyokuwa inanilinda.

Tumbo likaanza kuwaka moto. Jirani yangu, mtu mwema ninayempenda, akanishauri nipumzishe dawa kali. Nikapumzisha klopidogreli. Siku tisa.

Siku ya tisa, saa mbili usiku, nilikuwa uani natawadha kwa ajili ya isha. Juni ile maji ya birika yalikuwa ya baridi kweli kweli. Nikaosha mguu wa kulia, nikashtuka kwa ubaridi. Nikamimina wa kushoto. Niliyaona maji yakipita juu ya vidole, sikuyasikia. Nikadhani nimekosea, nikamimina tena taratibu huku nikitazama. Kimya. Nikawasha tochi ya simu: unyayo ulikuwa mweupe wa kufifia, wa kulia ukiwa na rangi yake. Nikabonyeza dole gumba la kulia nikaachia, rangi ikarudi pale pale. Nikabonyeza la kushoto, alama ya kidole changu ikabaki imekaa. Kisha maumivu yakaja, si yale ya kutembea, ni ya kutambaa kutoka chini kuja juu.

Isha sikuiswali msikitini. Zuhura alileta bajaji na ndani ya nusu saa tulikuwa hospitali. Nilimwambia daktari wa zamu maneno matatu kabla hajaniuliza: nina stenti, nimeacha klopidogreli, mguu umekuwa baridi saa moja iliyopita. Namshukuru Mungu kwa kuyasema kwa mpangilio ule, maana aliacha alichokuwa anakifanya. Kimashine cha sauti kikawekwa kwenye kifundo, kikatoa mvumo hafifu wa mbali. "Chezesha vidole, mzee." Vikacheza. Alisema hiyo ndiyo heri yetu. Msuli uliokosa damu kabisa huanza kufa ndani ya saa 6 hivi, lakini ganzi bila kupooza maana yake damu kidogo bado inapita na kuna nafasi ya kuuokoa, mradi tusilale. Heparini ikaingia mshipani muda ule ule kuzuia donge lisikue. Asubuhi nikapandishwa ndege na muuguzi pembeni.

Dar es Salaam waliniuliza mara tatu kama nimepata choo cheusi kama lami, maana ingekuwa dalili kwamba tumbo linavuja. Sikupata. Hata hivyo, kwa sababu ya tumbo langu, hawakutaka kutumia dawa ya kuyeyusha. Walilivuta donge kwa katheta, mrija mwembamba unaopitishwa ndani ya mshipa. Nililionyeshwa kwenye kikopo: jekundu la kahawia, urefu wa kiungo cha kidole.

Mguu ukapona. Vidole viwili vina ganzi hadi leo.

Dawa zilibadilishwa: aspirini pamoja na rivaroksabani, dawa ya kuzuia damu isigande, ya miligramu 2.5 mara mbili kwa siku, na atovastatini ikapandishwa hadi 80. Mpango huo wa rivaroksabani ndogo na aspirini ulijaribiwa kwa wagonjwa 6,564 waliozibuliwa mishipa ya miguu, katika utafiti uitwao VOYAGER PAD, uliochapishwa mwaka 2020. Kwa miaka mitatu, waliopata mguu kukosa damu ghafla, kukatwa mguu, kiharusi, shambulio la moyo au kifo cha moyo na mishipa walikuwa asilimia 17.3, na kwa waliotumia aspirini bila rivaroksabani ilikuwa 19.9. Tofauti ni ndogo kuliko nilivyotamani, na kutoka damu kunaongezeka kiasi. Lakini mtu aliyewahi kumimina maji juu ya mguu usiosikia hachezi na hizo mbili nukta sita.

Rivaroksabani haipatikani kirahisi kwenye maduka ya mtaani kwetu, kwa hiyo naagiza zikibaki za siku 14. Si siku mbili, kwa sababu kifurushi kinaweza kuchelewa na basi linaweza kuharibika njiani. Kalenda ya ukutani ina alama ya kila kidonge, na mke wangu ndiye mkaguzi. Goti likiuma nameza parasetamoli. Nilipong'olewa jino mwaka huu nilimwambia daktari wa meno kabla hajashika koleo, akapiga simu kwa daktari wangu, wakapatana.

Udhu umekuwa kipimo changu. Mara tano kwa siku naigusa miguu yote miwili kwa kiganja, nalinganisha joto, nabonyeza dole gumba. Asiyeswali anaweza kufanya hivyo akioga. Kinachochukua muda ni kujifunza mguu wako wa kawaida ukoje, ili siku ukibadilika usibishane nao.

Sigara niliiacha palepale kwenye kitanda cha Dar es Salaam, na sitasema ilikuwa rahisi kwa mtu ambaye harufu ya jani ilikuwa ndiyo kazi yake. Wiki za mwanzo nilizunguka njia nisipite karibu na ghala. Kutembea ndiko kulikonisaidia: siku tatu kwa wiki, nusu saa na zaidi, natembea mpaka shavu la mguu liume kiasi, nasimama, likiachia naendelea. Nilianza kwa miembe saba ya barabara yetu. Baada ya miezi mitatu nilifika stesheni ya reli na kurudi, nikisimama mara mbili tu.

Kipimo cha mwisho kifundo kilisoma 124 na mkono 140, yaani 0.89. CRP ni 2. Ultrasaundi imeonyesha mwanzo wa kufinyika kwenye ncha ya juu ya stenti, si wa kutibiwa sasa, ni wa kuangaliwa. Narudi mwezi wa tisa. Vidonge vya mpaka siku hiyo nimeshavihesabu, na vya wiki mbili za ziada viko kwenye mkoba wa safari.