Kipimo cha Malaria Hakina Kitu, na Kichwa Bado Kinauma

Hapa Kisumu, mtu akilalamika kwamba kichwa kinamuuma, ugonjwa wa kwanza kutajwa ni malaria, na si ajabu, kwa kuwa ukanda huu wa Ziwa Victoria ndio unaosumbuliwa na malaria zaidi nchini Kenya. Kupimwa damu ni lazima. Ninachosikitikia ni kwamba kipimo kisipoonyesha vimelea, mgonjwa hupewa dawa ya maumivu na kuambiwa aende nyumbani, bila kuulizwa anaishi vipi.

Dada yangu, ambaye huuza mitumba katika soko la Kibuye, amepitia hayo. Maumivu yake hayakuwa ya kudunda upande mmoja wala hayakumtia kichefuchefu, kama kipandauso kifanyavyo mara nyingi. Alihisi kana kwamba amefungwa kitambaa kwa nguvu kuanzia kwenye paji la uso hadi kisogoni, huku shingo na mabega yakiwa yamekakamaa. Hayo ndiyo maumivu ya kichwa yanayowapata watu wengi zaidi duniani, na msongo wa mawazo ni miongoni mwa vichochezi vyake vikuu. Mtu anayewazia karo, kodi ya nyumba na mkopo wa chama kwa miezi mfululizo hubana taya hata akiwa usingizini, misuli ya shingo yake hailegei, naye hulala vibaya na kusahau kula. Hali hiyo ikiendelea, mfumo wa fahamu wenyewe huwa mwepesi wa kuhisi maumivu, hata jambo dogo ambalo zamani lisingemdhuru likatosha kumwamsha na kichwa kizito. Kichwa kikiuma siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi 3, madaktari huyahesabu maumivu hayo kuwa sugu.

Kinachonitia hofu zaidi ni vidonge. Kuanzia Kondele hadi Nyalenda, parasetamoli hupatikana dukani pamoja na sukari na sabuni, na wengi wetu hatujui kwamba kuimeza siku 15 au zaidi kila mwezi kunaweza kuzalisha maumivu mengine ya kichwa. Kwa dawa zilizochanganywa viambato kadhaa vya kutuliza maumivu, siku 10 zinatosha. Mtu huongeza dozi akidhani ugonjwa umezidi, kumbe sasa anaumizwa na dawa yenyewe.

Dada alisaidika alipokutana na tabibu aliyemwomba aandike daftarini siku za maumivu, saa alizolala, chakula alichokosa na kila kidonge alichomeza. Alipunguza vidonge chini ya uangalizi, akapewa amitriptilini kwa dozi ndogo ya usiku, ambayo hutumika kuzuia maumivu hayo, na akafundishwa kunyoosha shingo na kupumua polepole.

Maumivu yanayolipuka ghafla kuliko yote uliyowahi kuhisi, yanayoandamana na homa na shingo ngumu, udhaifu wa upande mmoja wa mwili au kuona kwa shida, au yanayompata mjamzito mwenye shinikizo la damu, hayafai kusubiri daftari. Hayo ni ya hospitali siku hiyo hiyo.

Chama chake kilikubali alipe mkopo kidogo kidogo, na kwa maoni yangu hiyo nayo ilikuwa tiba, ingawa majuma ya kufungua shule bado humlemea.