Kurudi Kisumu, kupanga upya

Nimerudi Kisumu. Kwa mtu wa Mwanza mji huu ni ugenini kwenye pasipoti tu. Ziwa ni moja, na njia ya kuja ni lami mwanzo hadi mwisho: Musoma, Tarime, Sirari, kisha Migori, Kisii, Ahero. Mpakani mihuri ya pande zote mbili inagongwa sehemu moja, na raia wa Afrika Mashariki anaweza kupewa hadi miezi 6. Hapo hakuna tabu. Tabu ni nyumba ya kupanga, kwa sababu mji ukishaupenda unaanza kuchagua kwa mandhari: dirisha linaloona ziwa, roshani ya kunywea chai. Nyumba ya Kisumu ichaguliwe kwa udongo, jua la alasiri na maji. Ziwa utaliona tu, halihami.

Udongo kwanza, maana ndiyo tofauti kubwa na kwetu. Mwanza ni mawe, mvua ikinyesha maji yanateremka yenyewe. Kisumu imekaa mwishoni mwa Ghuba ya Winam, na ukishuka Nyalenda kuelekea Nyamasaria na uwanda wa Kano unakuta udongo mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Maji hayazami upesi, yanatuama. Nyumba ya chini maeneo hayo ikague ukutani, kuanzia sakafuni hadi usawa wa goti: rangi iliyotoka malengelenge, chumvi nyeupe, plasta inayomeguka ukiikwaruza kwa kucha. Ukuta uliopakwa rangi mpya chini peke yake unaficha kitu, uliza. Nyufa nyembamba za plasta hazina neno, lakini ufa unaokwenda mshazari kutoka kona ya dirisha, na mlango unaogoma kufungwa hapo hapo, ni dalili ya msingi unaocheza. Mwaka 2020 ziwa lilipanda hadi kuingia kwenye majengo ya ufukweni, kwa hiyo wanaouza mandhari ya ufukwe wa Dunga waulizwe bila haya maji yalifika wapi. Ukipanda kuelekea Mamboleo na Riat hofu ya mafuriko inapungua, nauli ya boda inaongezeka.

Mji huu uko karibu kabisa na ikweta, na jua la saa nane hadi saa kumi na moja linaupiga ukuta wa magharibi bila huruma. Ghorofa ya juu kabisa, chini ya zege tupu, inapokea joto mchana kutwa na kulitema usiku. Upepo wa ziwa nao huja alasiri, kutoka upande huo huo wa jua, ndiyo maana dirisha la magharibi lisilo na kivuli linakuletea neema na adhabu pamoja. Tafuta lenye roshani au paa lililotokeza juu yake, na chumba chenye madirisha pande mbili ili upepo uingie na kutoka. Kama kuna uchaguzi, ghorofa ya kati ndiyo yenyewe. Nenda kaitazame saa moja jioni, jua limeshazama, uweke kiganja kwenye ukuta wa chumba cha kulala. Ukiwa bado wa moto, huo ndio usingizi unaoulipia kodi. Asubuhi kila nyumba ya Kisumu ni nzuri.

Saa hiyo hiyo ya jioni ndiyo ya kupima maji, kwa sababu majirani wote wanaoga na kupika. Fungua mabomba yote kwa pamoja, la jikoni, la bafuni, kisha vuta choo, uone linalobaki kutoka ni mkondo au ni machozi. Tangi lililo juu ya paa hutoa nguvu ya takriban baa 0.1 kwa kila mita ya kimo, hivyo wa ghorofa ya juu ndiye anayepata mkondo dhaifu. Baada ya hapo funga kila kitu, uende kwenye mita: kigurudumu kidogo kikiendelea kuzunguka, kuna mvujo baada ya mita na bili yake itakuwa yako. Mara nyingi ni tangi la choo ambalo mpira wake wa chini umechakaa. Maji yanapita kimya kimya bakulini.

Maji ya mfereji hutoka kwenye mitambo ya Dunga, yanakovutwa kwa pampu kutoka ziwani, na Kajulu, yanakoteremka yenyewe kutoka Mto Kibos. Stima, yaani umeme, ikipotea kwa muda mrefu, ya pampu ndiyo huyumba. Muulize keateka, yaani msimamizi wa nyumba, tangi la ploti, yaani la nyumba zote za uwanja huo, ni la lita ngapi na linahudumia milango mingapi, ugawanye: lita 5,000 kwa milango 20 ni lita 250 kwa mlango. Choo cha kuvuta lita 9, mara nne kwa siku, kinakula lita 36 kabla hujaoga. Nunua pipa la lita 210 lenye mfuniko, na jingine la kuvutia choo ulijaze maji yaliyokwisha kufulia nguo. Visima vifupi vya Manyatta na Nyalenda viko jirani na vyoo vya shimo. Maji yake ni ya kupiga deki, si ya kunywa. Hita ya kuogea waachie watu wa Nakuru kwenye baridi.

Stima ni ya tokeni, unalipa kwanza ndipo unatumia. Kabla ya kulipa dipoziti, chukua namba ya mita ununue tokeni ya shilingi 100 kwa M-Pesa, namba ya malipo 888880. Uniti zikija pungufu mno kuliko kawaida, mpangaji aliyehama ameacha deni kwenye mita na linakatwa kwenye manunuzi yako. Mwenye nyumba alimalize kwanza. Ploti nyingine zina mita ndogo za mwenye nyumba mwenyewe, na hapo uliza bei ya uniti moja, kwa kuwa huwa juu ya ile ya Kenya Power, kampuni ya umeme.

Malipo ndiyo raha ya Kenya. Nyumbani tumezoea kudaiwa kodi ya miezi 6 au mwaka mzima. Hapa ni mwezi wa kwanza na dipoziti ya mwezi mmoja, pengine na dipoziti ndogo ya maji. Nyumba ya 12,000 inataka 24,000 mkononi. Lipa kwenye akaunti iliyoandikwa kwenye mkataba, si kwenye simu ya keateka hata akiwa mcheshi namna gani. Na anayetaka hela ya dipoziti kabla hujaingia ndani kuikagua nyumba, mwache na nyumba yake. Siku ya kukabidhiwa piga picha masinki, vioo, vitasa na namba za mita, umtumie mwenye nyumba kwa WhatsApp ili tarehe ibaki. Mwandikiane pia nani atapaka rangi ukihama, maana huko ndiko dipoziti nyingi hupotelea. Mlango wa chuma wenye tundu la kufuli ununulie kufuli lako siku hiyo hiyo.

Kilichobaki ni wadudu. Chandarua si hiari, ukanda wa ziwa una malaria mwaka mzima. Wale wadudu wa ziwani hawaumi, lakini siku chache baada ya mwezi kuandama huja kama moshi, na wavu wa kawaida wa mbu hauwazuii wote. Zima taa za nje, funga madirisha ya upande wa ziwa magharibi ikiingia, ufunike sufuria. Asubuhi wafagie wakiwa wakavu. Ukiwapiga deki wanaganda sakafuni na kunuka.