Leo kamshika mwalimu kidole

Nimefika nyumbani sasa hivi, fomu bado iko mkononi.

Mwanangu ana miaka mitano, ana usonji, ile hali inayofanya kuongea na kuzoeana na watu kuwe kugumu; maneno yake hayazidi kumi. Shule ya kwanza niliyompeleka waliniambia, "Mama, huyu mpeleke kwa wenzake." Nililia kwenye daladala mpaka kituoni.

Leo nimekwenda shule nyingine ya serikali, hii ina kitengo cha elimu maalumu. Ada hakuna, tangu 2016 elimu ya awali ni bure kama ya msingi.

Mwalimu hakuanza na maswali. Alichuchumaa, akapanga vizibo vya soda sakafuni, vyekundu huku, vya bluu kule. Akanyamaza.

Mwanangu akazunguka chumba mara tatu. Akarudi. Akaokota kizibo chekundu, akakiweka penye vyekundu wenzake.

Kisha akamshika mwalimu kidole.

Jamani, mtoto huyu hagusi mtu asiyemjua! Hata bibi yake ilimchukua miezi.

Jumatatu tunaanza.

Wazazi mliopita njia hii, siku za mwanzo mlikaa naye darasani au mlimwacha? Na chakula mlifanyaje? Wangu anakula wali mweupe tu. Niandikieni, nasoma yote.