Jinsi jina langu lilivyorudi kwenye orodha ya mbolea

Nalima mahindi hekta moja na nusu, barabara ya Kipushi, nje kidogo ya Lubumbashi, Kongo. Msimu uliopita mbolea ya ruzuku ilifika, jina langu hakuna. Jirani mwenye kibanda cha simu, ambaye jembe analiona tu mkononi mwa wengine, alibeba mifuko minne ya NPK, mbolea ya kupandia.

Nilidhani ni rushwa tu. Kumbe kwangu kosa lilikuwa dogo: shefu wa kijiji aliniandika "Baba Mado", na ofisini wakatafuta jina la karte ya kura, yaani kadi ya mpiga kura. Huku mtu ana majina matatu, na kijijini hakuna anayeyajua!

Mwezi wa nane, kabla ya orodha mpya, tulimwendea shefu, sisi wakulima 11. "Mzee, tusomee daftari." Tukapita shamba kwa shamba, kila mmoja akaandikwa kama karte yake inavyosema. Wasio na shamba, shefu mwenyewe aliwafuta kwa biki nyekundu. Nakala yenye muhuri tukapeleka ofisini, nyingine tukabaki nayo.

Novemba, mvua zilipoanza, nilipata mifuko miwili. Yuria, mbolea ya kukuzia, bado naisubiri, na mahindi yamefika magotini.