Usiku Nilipoondoa Besi

Kabla ya mwaka 2013 nilikuwa nimekwisha kutengeneza biti nyingi, lakini karibu zote nilizisikia ndani ya chumba kimoja tu, kile cha studio yetu ya Kinondoni kilichobandikwa trei za mayai ukutani, kupitia spika mbili ambazo masikio yangu yalikuwa yamezizoea kupita kiasi. Kazi yetu ilikuwa bongo fleva. Msanii alikuja na mashairi yake, tukapanga gitaa na kinanda, tukajaza besi hadi meza ikatetemeka, kisha tukahakikisha wimbo hauzidi dakika nne ili redio wasipate kisingizio cha kuukata. Singeli, muziki wa kasi sana, ilikuwa bado ya mitaa ya Dar es Salaam kama Manzese, Tandale na Mburahati, ya kukesha nayo kwenye vigodoro, na studio nyingi ziliikwepa.

Aliyenitoa chumbani ni mchanaji mmoja wa singeli wa Tandale, yaani mghani wa mashairi juu ya biti, kijana mwembamba mwenye pumzi za ajabu, ambaye alikuja na kadi ya simu iliyojaa taarab za zamani na kuniomba nimtengenezee biti ya shughuli ya harusi iliyokuwa ifanyike Jumamosi ya wiki ile. Nilikata kipande kifupi cha kinanda katika wimbo mmojawapo, nikakizungusha, kisha nikakiongeza kasi kutoka mapigo 104 kwa dakika hadi 208. Ukizidisha kasi mara mbili bila kuufunga urefu wa sauti usipande, kila noti hupanda oktava nzima, ndiyo maana vinanda vya singeli husikika vikilia kwa sauti nyembamba kama ya mtoto anayedai haki yake. Juu ya mzunguko huo niliweka ngoma zenye mwendo wa mdundiko, ngoma ya Wazaramo, na chini yake nikaweka besi nzito, kwa kuwa ndivyo nilivyofundishwa na ndivyo nilivyoamini kwamba muziki wa kuchezwa unapaswa kuwa.

Jumamosi hiyo nilifika na kompyuta mpakato ya kuazima, jua likiwa limekwisha kuzama. Uchochoro ulikuwa umefungwa kwa turubai, viti vya plastiki vimepangwa pembeni, jenereta limewekwa nyuma ya choo ili kelele zake zisiwasumbue wageni, na juu ya mwembe zilikuwa zimefungwa honi za bati za aina ile inayotumika kwenye mikutano ya hadhara na misikitini. Fundi mitambo, mzee wa makamo aliyewahi kupiga muziki wa mnanda enzi za ujana wake, alinipokea waya, akasikiliza biti yangu kwa muda mfupi, akacheka.

"Mdogo wangu, hiyo besi yako hapa haitasikika hata ukiisomea dua."

Alikuwa akisema jambo ambalo sikio langu lilikwisha kulithibitisha. Honi zile zilitengenezwa kwa ajili ya sauti ya mtu anayezungumza, na chini ya hezi 300 hivi hazitoi chochote cha maana. Besi niliyoihangaikia wiki nzima ilikuwa ikila nguvu ya amplifaya bure, na kila ilipopiga, kinanda kilikwaruza na kufifia. Hapakuwa na nafasi ya kubishana na bati. Nilikaa juu ya kreti la soda nyuma ya mwembe, nikaifuta besi yote, nikaihamisha kazi yake kwenye mlio mkavu wa juu unaofanana na mbao mbili zinazogongana, na ngoma kubwa nikaikata tumbo ikabaki ncha yake tu. Katika spika za studio ningeona haya kuicheza biti ile mbele ya mtu. Ilipopita kwenye honi ilikata hewa hadi barabara ya lami, na akina mama waliokuwa wakigawa pilau wakaacha sahani na kuingia katikati.

Kilichofuata sikuwa nimejiandaa nacho. Mchanaji hakuwa na wimbo kwa maana niliyoijua mimi. Alianza kumtaja bibi harusi, akahamia kwa mashangazi, akawataja mabalozi wa nyumba kumi na vijana wa kijiweni, na kila aliyetajwa alikuja kumtunza fedha, naye hakuweza kumwacha mtu huyo mpaka amsifu ipasavyo. Biti yangu ya dakika nne ilipokwisha katikati ya sifa za mjomba mmoja, mama mwenye shughuli alinijia mbio.

"Mwanangu, mbona umeizima?"

"Shikamoo mama. Imefika mwisho."

"Marahaba. Haina mwisho hiyo, washa."

Basi nikaufungua mradi wenyewe badala ya faili lililokamilika, nikauacha mzunguko wa kinanda uende mfululizo, na kwa kipanya nikawa nazima ngoma mchanaji anapovuta pumzi na kuzirudisha anapolitaja jina. Baada ya muda nilianza kumsoma mabega, kwa sababu yalipanda kidogo kabla hajabadilisha mtu. Tulikwenda hivyo hadi saa tisa usiku, mafuta ya jenereta yalipokwisha.

Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilipotoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso, uliotokana na studio ya Sisso ya Mburahati, wageni wengi walionitafuta waliniuliza habari za kasi tu. Kasi ni rahisi, ni namba unayoiandika. Kwa maoni yangu ukali wa masafa ya juu ndio uliobeba muziki huu, na sehemu kubwa ya ukali huo inatokana na vyombo vya mtaani. Matoleo ya redio yaliyorudishiwa besi baadaye sijawahi kuyapenda.

Malipo tuligawana palepale kutoka katika fedha za tunzo, fundi mitambo akichukua fungu kubwa kwa kuwa mitambo ilikuwa yake. Jumatatu mchanaji alikuja studio kurekodi. Mwenzangu aliyekuwa kwenye mitambo aliifungua biti, akaniuliza besi iko wapi, nami nikamwambia aiache hivyo na asiweke kikomo cha dakika.